Milango ya paina imetoka mabaka baada ya steini: kosa ni la mbao, msasa au upakaji?

#1 Kisiju_Pwani
Wakuu, habari. Kuna milango sita ya ndani, fremu na paneli, yote paina ya Mufindi, imetengenezwa karakana ya huku Kigamboni. Rangi iliyotakiwa ni walnati iliyokolea. Steini (rangi inayopenya ndani ya mbao) ni ya mafuta, imepakwa kwa brashi kisha ikafutwa kwa tambara. Sasa paneli zina mabaka meusi kama mawingu ya masika, kwenye maungio kuna alama nyeupe ambazo hazijashika rangi kabisa, na ncha za fremu juu na chini zimekuwa nyeusi tii. Vanishi bado haijapigwa. Fundi anasema paina ndivyo ilivyo, koti la pili litafunika. Ni kweli? Na kama si kweli, pa kuanzia ni wapi?

#2 Randa Kali
Simamisha hilo koti la pili. Palipokunywa sana patazidi kunywa, palipokataa patakataa tena, kwa hiyo tofauti itakua badala ya kupungua. Kama steini haijamaliza saa moja au mbili tangu ipakwe, loweka tambara kwenye tapentaini ufute mlango mzima sasa hivi, rangi nyingi itatoka. Kama imelala usiku, hiyo njia imepita.

#3 Mufindi Kwetu
Fundi ana nusu ya ukweli. Paina nyingi inayotoka Sao Hill, shamba la miti la huko Mufindi, ni Pinus patula, mti unaokua haraka, na pete zake ni pana. Kila pete ina sehemu mbili: ile laini ya rangi nyeupe, na ule mstari mgumu wa kahawia. Laini inakunywa steini kama haina akili nzuri, ngumu inaikataa. Ndiyo maana baada ya steini mistari inageuka: palipokuwa peupe panakuwa peusi na palipokuwa peusi panabaki pa dhahabu. Hilo ni umbile la mti, huwezi kulilaumu. Mabaka ya duara yasiyofuata mistari ni kitu kingine. Huko nyuzi zimepinda, zinatokeza juu badala ya kulala, au kuna utomvu uliojikusanya karibu na vifundo. Tazama ubao kwa upembe ukiwa mkavu: panapobadilika kung'aa ukisogeza kichwa ndipo nyuzi zilipopinda, na ndipo baka litakapotokea.

#4 Bi Msasa
Kabla hatujauhukumu mti, msasa ulikwenda namba ngapi (namba kubwa ndiyo laini)? Na ulipigwa kwa mkono au mashine? Mbao zilitoka kwenye mashine ya randa zikapigwa msasa, au zilipakwa hivyo hivyo?

#5 Kisiju_Pwani
Bi Msasa, nimemuuliza fundi: mashine ya randa, halafu msasa 100 kwa mashine ya kuzunguka kwenye fremu na paneli, kisha 320 kwa mkono kwenye paneli "ili zilainike". Steini alipaka mlango mzima, upande wote, ndipo akarudi kufuta.

#6 Bi Msasa
Basi hapo kuna makosa matatu na wala hatujafika kwenye mti.

La kwanza, kisu cha randa kikiwa butu hakikati nyuzi, kinazikandamiza. Ubao unatoka unang'aa, mkono unaona laini, lakini uso umefungwa kwa vipande vipande. Dondoshea tone la maji: likikaa juu limejikunja, uso umefungwa, likizama ndani ya sekunde chache, uko wazi. Fanya hivyo sehemu kumi za paneli moja utaona majibu hayafanani.

La pili, kutoka 100 kwenda 320. Msasa 320 hauwezi kufuta mikwaruzo ya 100, unaisugua juu tu. Steini ikija, chembe zake za rangi zinajaa kwenye ile mikwaruzo, hasa iliyopita kukata nyuzi, na ile ya mviringo ya mashine. Palipoguswa na 320 barabara pamefungwa pakakataa rangi. Kwa paina na steini ya mafuta mpangilio ni 80 kama kuna alama za randa, kisha 120, kisha 150, na unaishia hapo au 180. Chora mistari ya penseli uso mzima kabla ya kila namba. Penseli ikiisha kote ndipo uhamie namba inayofuata. Ya mwisho piga kwa mkono, kibao nyuma ya msasa, kufuata nyuzi.

La tatu, kupaka mlango mzima ndipo ufute. Alipoanzia imekaa dakika ishirini, alipomalizia mbili. Paneli moja, futa. Fremu za wima, futa. Za kulala, futa.

Ncha za fremu ni jambo jepesi. Pale mirija ya mti imekatwa wazi na inanyonya kama mrija. Huko ndiko kwa kutumia 220 hadi 320 makusudi, ili pafungwe pafanane na uso.

#7 Tina na Klia
Naungana na Bi Msasa kwenye msasa, ila zile alama nyeupe kwenye maungio hazina uhusiano na msasa wala paina. Hiyo ni gundi nyeupe. Ilitoka kwenye kiungio wakati wa kubana, ikapanguswa kwa tambara lenye maji kidogo, ikasambaa ikaingia kwenye vinyweleo. Ikikauka huioni. Steini ndiyo inaitangaza.

Kabla ya kupaka chochote, pangusa mlango mzima kwa spiriti au tapentaini na uutazame ukiwa umelowa. Palipo na gundi pataonekana papauka. Dawa yake ni patasi kali au skrepa, siyo msasa tu, kwa sababu msasa unaipasha joto gundi inalainika na kujisambaza zaidi. Kwa kazi zijazo: iache gundi inayotoka kwenye kiungio igande kama mpira laini, nusu saa hadi saa moja, uikwangue yote kwa pamoja.

#8 Mdadisi88
Mbona mnazunguka? Chukua jiki, changanya na maji ya betri kidogo, sugua mlango. Rangi yote inatoka mbao inakuwa nyeupe kama mpya.

#9 Randa Kali
Mdadisi88 tafadhali hariri hiyo posti, kuna mtu ataisoma ajaribu. Jiki ikikutana na asidi yoyote inatoa gesi ya klorini. Ndani ya chumba kilichofungwa mtu anaanguka.

Na hata peke yake, jiki haitasaidia hapa. Inafifisha rangi za kuyeyuka, zile za unga unaokorogwa kwenye maji au spiriti. Steini ya mafuta ya madukani aghalabu ina chembe za rangi za madini, na hizo jiki haiziwezi. Asidi ya oksaliki nayo ina kazi yake: inaondoa weusi wa chuma, yale madoa ya bluu-nyeusi kuzunguka misumari au yanayoachwa na sufi ya chuma iliyokutana na maji. Haiondoi steini. Kila dawa na ugonjwa wake.

#10 Mdadisi88
Nimekosea, mtu asijaribu niliyoandika. Shukrani mkuu, hiyo ya gesi ni muhimu kweli.

#11 Nairobi Mbao
Salamu kutoka Nairobi. Huku shida hii tunaiona kwa saipras zaidi, ina vifundo vingi na kila kifundo kina kivuli chake. Kinachosaidia ni kuuandaa mti kabla ya steini: kondishena ya mbao. Ukisoma kibati utaona ni vanishi iliyopunguzwa sana tu. Unaweza kujitengenezea: vanishi ya mafuta sehemu 1, tapentaini sehemu 2. Paka mbao ishibe, ongeza panapokauka haraka, baada ya dakika kumi futa yote iliyobaki juu, kisha weka steini ndani ya saa mbili kama maelekezo yanavyosema.

#12 Randa Kali
Nairobi Mbao, mchanganyiko wako sawa, muda ndio ninaoupinga. Ndani ya saa mbili ile vanishi bado ni mbichi. Steini ya mafuta inachanganyika nayo, inaiyeyusha, na mabaka yanarudi mepesi kidogo tu. Iache ilale usiku mzima, huku pwani wakati wa mvua ilale saa 24, ipitishe msasa 220 uliochakaa mara moja tu kuondoa vinywele, ndipo steini. Kata kipande kimoja cha ubao, nusu subiri saa mbili, nusu subiri hadi kesho. Utaona mwenyewe.

#13 Tina na Klia
Mnajipa kazi ndefu. Kwa milango inayokwenda kupigwa klia (koti la juu la kupuliza, lisilo na rangi), koti jepesi la sending sila, la kuziba vinyweleo, linatosha: sila sehemu 1, tina (kiyeyushi chake) sehemu 3 au 4, puliza koti moja, nusu saa imekauka, msasa 240 mkono mwepesi, steini. Unamaliza milango sita siku hiyo hiyo.

#14 Bi Msasa
Na ukikosea ukaweka tina sehemu 1, steini yote inafutika juu kama maji juu ya sahani, halafu fundi anakuja hapa kuuliza mbona rangi haishiki 😀. Hiyo njia inafanya kazi, ila haina msamaha. Kipimo cha tina lazima kijaribiwe kwenye kipande cha mti ule ule. Na ukipiga msasa ukatoboa sila pembeni, pembe zote zinatoka nyeusi.

Wanaopenda koti la kwanza linalodhibitika watumie shelaki, utomvu mkavu unaoyeyushwa kwa spiriti: gramu 60 hadi 120 za magamba kwa lita moja ya spiriti. Loweka usiku kucha kwenye chombo cha kioo au plastiki, siyo kopo la bati maana chuma kinaifanya iwe nyeusi. Chuja kwa soksi ya nailoni. Ikishakorogwa isikae zaidi ya miezi sita hivi, ya zamani inabaki na utepetevu haikauki. Asiye na shelaki: gundi nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 10, paka, ikauke usiku, msasa 180 kiasi cha kuondoa manyoya.

#15 Tina na Klia
Bi Msasa, hiyo ya gundi siyo ile ile tunayokwangua kwenye maungio?

#16 Bi Msasa
Ndiyo hiyo hiyo. Kwenye maungio ni nzito na imekaa sehemu moja. Hapa ni nyepesi na imekaa kote. Tatizo la baka siyo kwamba mti unakunywa, ni kwamba unakunywa kwa upendeleo.

#17 Kifuu
Hakuna aliyetaja unyevu. Mbao za Mufindi zinateremshwa Dar zikiwa mbichi, zinakaa uani wiki mbili zinaitwa kavu. Ubao wenye maji ndani hauruhusu mafuta kuingia, na maji hayalingani: katikati ya ubao mnene ni mbichi, kingo ni kavu. Kama hamna kipima unyevu, kata kipande kidogo mbali na ncha, pima kwa mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni nyuzi 103 hadi uzito usishuke tena. Kilikuwa gramu 60 kimebaki 50: maji ni asilimia 20, hiyo ni mbichi kwa kazi ya ndani. Kilikuwa 56 kimebaki 50: asilimia 12, endelea.

Halafu kuna zile mbao zilizopigwa dawa za kuezekea. Baadhi ya karakana zinachanganya humo humo. Zile dawa nazo zinaleta madoa.

#18 Mufindi Kwetu
Kifuu, unyevu nakubali uchunguzwe, ila ungekuwa ndio chanzo kikuu, tungeona paneli zimepasuka au zimelegea kwenye mifereji. Mwenye uzi aseme.

Dawa nayo ingeonekana mapema. Mbao iliyotibiwa kwa CCA ina ukijani uliosambaa ubao mzima, na steini juu yake inatoka imepooza, siyo mabaka. Yeyote anayeikuta asiipige msasa ndani ya nyumba, mle kuna shaba, kromiamu na aseniki. Kinachoweza kuleta vivuli ni ule ukungu wa bluu unaoingia gogo likichelewa kupasuliwa. Unaonekana kama kabari za kijivu kutoka nje kwenda ndani. Haudhoofishi mti kwa kiasi cha kuhofia mlango, ila umeingia ndani, huwezi kuumaliza kwa msasa.

#19 Kisiju_Pwani
Shukrani wote. Nimechukua mlango mmoja ambao haujapakwa (wa stoo) nikafanya majaribio. Tone la maji: kwenye paneli mengine yamekaa zaidi ya dakika, mengine yamezama mara moja. Spiriti: maungio yote manne yana weupe, na pia alama za vidole vya gundi katikati ya fremu. Ukijani hakuna, kijivu hakuna. Paneli hazijapasuka ila mbili zinacheza. Kipande cha oveni: gramu 64, kimekauka 56.

#20 Kifuu
64 kwa 56 ni asilimia 14 na kidogo. Kwa hewa ya Kigamboni hiyo si mbaya. Ila umepima ubao mmoja wa mlango wa stoo, na mbao za karakana hutoka mzigo tofauti. Zile paneli mbili zinazocheza zimesinyaa baada ya kuingizwa, kwa hiyo ziliingia zikiwa na maji zaidi. Siufuti unyevu.

#21 Mufindi Kwetu
Paneli kucheza kidogo ndani ya mfereji ndivyo inavyotakiwa, ndiyo maana haibandikwi kwa gundi. Matone kuzama hapa na kugoma pale hata kwenye ubao usiopakwa kunaonyesha nyuzi zilizopinda.

#22 Bi Msasa
Au kisu butu. Piga nusu ya paneli hiyo msasa 120 kisha 150, rudia matone. Yakizama sawasawa ni randa. Yakiendelea kubagua ni mti.

#23 Randa Kali
Wakati mnavutana, mwenye milango anahitaji kazi iishe. Kwa mitano iliyokwisha pakwa:

Ivue bawaba na kitasa, ilaze juu ya vigoda viwili vya seremala. Paka rimuva, dawa ya kuvua rangi, siyo kwa kusugua, kwa kumwaga na kutandaza nene, funika na nailoni dakika kumi na tano, kwangua kwa skrepa ya plastiki, kwenye mapambo ya fremu tumia brashi ya nailoni. Milango ya karakana iwe wazi, glavu, na upepo upite, maana zile kali zina mvuke mbaya. Suuza kwa tina, siyo maji. Acha hadi kesho.

Usijisumbue kufika kwenye weupe wa mwanzo. Rangi iliyozama ndani ya nyuzi haitatoka, na haina haja kwa kuwa unakwenda kwenye walnati iliyokolea. Unachotaka ni uso ulio wazi. Kwangua gundi kwenye maungio. Msasa 120, 150, penseli kila mara. Ncha 220. Pangusa vumbi, kisha spiriti tena, tafuta weupe wowote uliobaki. Hapo ndipo koti la kwanza jepesi, vanishi moja kwa tapentaini mbili, lilale. Halafu steini, paneli kwanza, fremu baadaye, kila kipande kinafutwa kabla ya kuhamia kingine. Fanya mlango wa stoo mwanzo. Kama hukuupenda, hujaharibu kitu.

#24 Bi Msasa
Steini nyepesi ya kutiririka mara ya pili kwenye paina ile ile? Badilisha aina. Tafuta steini ya jeli. Ni nzito, haitiririki kuingia ndani, inakaa juu na kwenye vinyweleo, kwa hiyo upendeleo wa mti hauipati. Unaipaka kwa tambara kwa mviringo, unaifuta kwa kufuata nyuzi, na hata koti la kwanza huenda usilihitaji. Na haihitaji rimuva: msasa 150 mwepesi juu ya mabaka yaliyopo, jeli juu. Ubaya wake unafunika uzuri wa mistari kidogo, na inajaa kwenye kona za mapambo, uwe na brashi kavu ya kuitoa.

#25 Nairobi Mbao
Kuna njia ya tatu kwa mwenye kompresa. Piga sila juu ya hayo mabaka yalivyo, kisha tia rangi ya kuyeyuka, inayokubaliana na tina, ndani ya klia. Iwe hafifu mno, ukiitazama kwenye glasi upite mwanga. Puliza makoti mepesi ukianza na palipo peupe hadi palingane na peusi, kisha mlango mzima mara moja. Rangi inakaa ndani ya klia, siyo ndani ya mti, hivyo mti hauna kauli tena. Malizia na klia tupu makoti mawili, la sivyo mkwaruzo wa kwanza unaondoka na rangi.

#26 Tina na Klia
Nairobi Mbao, ongeza tahadhari: klia ya tina juu ya steini ya mafuta ambayo haijakauka inakunjamana au inainyanyua. Huku Dar usiguse kabla ya saa 24, mvua ikinyesha fanya 48. Nusa mlango, ukisikia harufu ya mafuta, bado.

#27 Kifuu
Na ukipuliza klia siku ya mvua unapata ukungu mweupe, watu wanafikiri ni steini imeharibika. Tina inapokimbia haraka inaupoza uso, maji ya hewani yanatua juu yake na kunaswa. Puliza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, au tumia tina ya kukausha polepole. Ukungu ukishatokea, subiri siku kavu, puliza tina ya polepole peke yake, vumbi jepesi kabisa, klia inafunguka na maji yanatoka.

#28 Mdadisi88
Nje ya mada kidogo. Ngazi ya mvule, steini imetoka sawa ila vanishi ya mafuta ina siku nne bado inanata, tena kwa vipande. Hiyo nayo ni msasa?

#29 Mufindi Kwetu
Hapana, huo ni mti wenyewe. Mvule una kemikali zake za asili zinazozuia vanishi ya mafuta kukauka, na haziko sawa ubao mzima, ndiyo maana inanata kwa vipande. Msaji nao una mafuta yanayofanya hivyo. Kwangua inayonata kwa skrepa, futa kwa tambara lenye tina, ukibadilisha tambara hadi litoke safi. Tina ikishapaa, usisubiri kesho maana mafuta yanapanda tena, paka koti la shelaki isiyo na nta ndani ya saa moja. Vanishi itakauka juu yake. Na ukipiga randa mvule ukasikia kisu kimegonga kitu kigumu kama jiwe, ni jiwe kweli, mti huo hujijengea mawe ya chokaa ndani. Angalia kisu kabla ya kuendelea.

#30 Randa Kali
Na matambara ya steini na vanishi ya mafuta yasirundikwe kwenye kona ya karakana wala kwenye mfuko. Mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, rundo linalihifadhi, usiku linawaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje kwenye waya hadi yakakamae, au yazamishe kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko.

#31 Kisiju_Pwani
Nimepiga nusu ya paneli 120 na 150 kama Bi Msasa alivyosema. Matone: nusu iliyopigwa saba kati ya kumi yamezama haraka, matatu bado yamekaa, yote matatu karibu na kifundo.

#32 Bi Msasa
Saba ni randa.

#33 Mufindi Kwetu
Na matatu ni utomvu. Yapanguse kwa asetoni, subiri dakika tano, rudia tone kabla hujapaka chochote.